Pumzi ya Saa Kumi na Robo

Royce, mhudumu wa wodi, alirudi kutoka uani akiwa na theluji kwenye ndevu na shuka mkononi, na shuka lilikuwa na joto.

Si joto la kuunguza. Ni lile joto la kitanda mtu akiwa ametoka sasa hivi kwenda kunywa maji. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, baridi ya kufanya funguo zing'ang'anie vidole, na Royce alikuwa amelikung'uta shuka lile mara tatu juu ya theluji. Lilipaswa kurudi gumu kama ubao.

"Shika," alimwambia Karlene, nesi wa zamu. "Shika, halafu uniambie mimi ndiye mwehu."

"Mwehu ulikuwa tangu zamani, Royce. Shuka halihusiki." Lakini alipolishika, aliutoa mkono haraka. "Umelipitisha kwenye mashine ya kukaushia."

"Tazama buti zangu. Hizi ni buti za mtu aliyekwenda kufua?"

Wodi nyingine mtu akifa, nesi anafungua dirisha ili aliyeondoka apate njia. Wodi ya akili madirisha hayafunguki. Yamepigwa skrubu, na sababu yake hata mtoto anaijua. Kwa hiyo wao walijitungia desturi yao: shuka la marehemu linatolewa nje na kukung'utwa mara tatu. Watu wenye shahada ukutani, wanaojua jina la kila kidonge, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuthubutu kuliacha shuka bila kulikung'uta. Waulize kwa nini, watakwambia ni usafi. Haya, usafi.

Shuka lilikuwa la Mzee Arvo Niskala wa chumba namba tisa, aliyeendesha treni ya kubeba chuma kutoka machimboni miaka thelathini na minane. Mkewe alipofariki, aliacha kula, majirani wakamleta. Vumbi la machimbo lilikuwa limemwachia filimbi kifuani: pumzi ikiingia inalia *fyuuu*, inakwama kidogo kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, kisha inatoka, ndefu, imechoka. Na mdomoni hakukosa zile pipi nyeusi za lami wanazopenda Wafini wenzake. Ukipita mlangoni kwake, ungesema kuna mtu anatengeneza barabara.

Royce ndiye aliyemkuta amekufa, saa kumi na moja jioni, alipompelekea sinia la chakula.

"Daktari kasema moyo umesimama ghafla," Royce alisema huku akilikunja shuka kwa ncha za vidole. "Kasema karatasi ya robo saa inaonyesha mzee alikuwa anapumua saa kumi na moja kasorobo, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kufanya kitu. Lakini wewe profesa wetu, mimi nimeushika ule mkono. Mkono ule haukuwa wa dakika kumi na tano."

"Wazee wanapoa haraka," Karlene alisema.

"Enhe," alisema Royce. "Huenda."

*

Sasa tuseme ukweli, maana Karlene mwenyewe hakuusema.

Karlene Zupancic alikuwa na miaka ishirini na saba na shabaha moja tu duniani. Alitaka kuwa nesi bingwa wa akili, yule mwenye ofisi yake, anayempima mtu na kumwandikia dawa kwa saini yake mwenyewe. Haikuwa tamaa ya cheo. Kaka yake, Denny, alisubiri miezi mitano kumpata mtu wa kumwandikia dawa katika mji ule, na mwezi wa sita hakuwa na haja nayo tena. Karlene aliapa juu ya jeneza kwamba mji hautamsubirisha mwingine.

Lakini chuo hakichukui kiapo. Chuo kinataka saa elfu mbili za kazi wodini, zimeandikwa, zimesainiwa na mkuu wa wodi, zifike kabla ya katikati ya Januari. Siku aliyokufa Mzee Arvo, Karlene alifikisha saa elfu moja mia tisa na arobaini. Zilibaki zamu nane.

Kazi kubwa ya wodi ile ni karatasi ya robo saa. Kila baada ya robo saa nesi anazunguka na ubao wake, anasimama kila mlango, anatia alama: yuko wapi, anafanya nini, anapumua au la. Bernadine Tuomela, mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzimisha taa, alimfundisha siku ya kwanza kabisa.

"Hapa hatuhesabu watu, tunahesabu vifua. Kifua kipande mara tatu ndipo utie alama. Moja inaweza kuwa macho yako. Mbili, tamaa yako. Ya tatu ndiyo mgonjwa."

"Sawa."

"Usiseme sawa upesi hivyo. Ukiandika pumzi ambayo hukuiona, pumzi hiyo itatafuta kifua cha kutokea."

Karlene alicheka. Alidhani ni soga za kutishia wageni.

Sasa, jioni ile aliyokufa mzee, saa kumi kamili, alisimama kwenye mlango wa namba tisa. Mzee alikuwa amejilaza akitazama dirisha. Desemba, upande ule, saa hizo jua linakuwa tayari linafunga virago.

"Binti," alisema, "kifua kizito leo."

"Ni hizo lami zako, mzee. Siku moja utapitiwa na gari."

Mzee alicheka, *fyuuu*, ikakwama, ikatoka. "Utapita tena robo saa ijayo?"

"Mimi si napita kila robo saa? Utanichoka."

"Usinisahau lakini."

Alikwenda ofisini kukaa dakika mbili. Insha ya chuo ilikuwa wazi kwenye simu, sentensi nne tu zimebaki. Na swali la insha, usicheke, lilikuwa hili: *eleza jinsi unavyomjali mgonjwa.* Wodi ilikuwa imetulia. Wagonjwa wote walikuwa ama usingizini ama kwenye meza ya kuunganisha vipande vya picha. Basi Karlene akauvuta ubao, akajaza robo tatu zijazo kwa mkupuo mmoja, majina yote. Saa kumi na robo, kumi na nusu, kumi na moja kasorobo. Kwenye mstari wa Niskala akaandika mara tatu: amelala, anapumua. Kisha akarudi kwenye insha kueleza jinsi anavyojali.

*

Zamu iliyofuata ilianza na harufu. Saa kumi na robo, anakaribia namba tisa, lami ikamjia puani. Chumba kilikuwa kimeoshwa kwa dawa kuanzia dari hadi sakafu, godoro limebadilishwa, kitanda kitupu kimetandikwa kwa kubana kiasi kwamba ungeweza kudundisha mpira juu yake. Alisimama mlangoni, ubao umemganda kifuani.

*Fyuuu.*

Akangoja. Ilikwama. Ikatoka.

Mabomba, alijiambia. Jengo ni la zamani, na maji ya moto yakipita ukutani yanalia kila namna ya kilio. Akaenda zake. Alipopita saa kumi na nusu, mabomba bado yalikuwa yanapumua. Ilipogonga saa kumi na moja, yalinyamaza kama redio iliyochomolewa.

Siku iliyofuata namba tisa ilipata mgeni. Maren, miaka kumi na tisa, alikuwa na nywele alizozikata mwenyewe kwa hasira, na mdomo wake hauogopi mtu. Alikuwa amejiandikisha mwenyewe baada ya wiki mbili za kutolala.

"Nesi," alimwambia Karlene jioni ile, "mwenzangu wa chumba anakoroma."

"Huna mwenzako wa chumba, Maren."

"Mwambie yeye, sio mimi."

"Hiki ni chumba cha mtu mmoja."

"Ndiyo nashangaa. Na mwambie apige mswaki, ananuka barabara." Kisha ule utani ukamtoka usoni, akashusha sauti. "Mimi najua sauti zangu, dada. Zangu zinaongea, zinanitukana, tumezoeana. Hii haiongei. Hii inavuta tu. Na ikivuta, yangu inapungua."

Karlene aliandika: mgonjwa ana wasiwasi. Kalamu inajua kumhifadhi mwenyewe.

Lakini zamu ya nne alimbana kidoleni kile kibanio kinachopima oksijeni ya damu. Saa kumi na dakika kumi: tisini na nane. Saa kumi na robo: tisini na moja. Kumi na nusu: themanini na saba. Midomo ya msichana ilikuwa na rangi ya wino. Daktari alikuja, akasikiliza mapafu, akasema ni hofu, akaagiza kidonge. Saa kumi na moja kamili namba zikapanda zenyewe, na Maren akaomba pudini.

"Hamisha huyu mtoto," Royce alinong'ona kwenye korido.

"Vitanda vimejaa. Na nimwambie nini Bernadine? Nimwambie chumba kinavuta hewa?"

"Mwambie mzee hajaondoka." Royce alitazama nyuma ya bega lake, mwanamume mkubwa kama mlango wa ghala. "Lile shuka, Karlene. Nimelifua mara nne. Bado lina joto. Mimi sikuenda shule kama wewe, ila najua kitu kinachokataa kupoa."

*

Zamu ya tano, Karlene alimfuata Bernadine ofisini kabla ya saa kumi na robo. Bernadine alikuwa anakata mkate wa karanga uliosokotwa, ambao mama yake Karlene alikuwa ameuleta kwa ajili ya Krismasi.

"Kaa. Kula. Uso wako umekuwa kama karatasi."

Karlene hakukaa. "Yale uliyoniambia siku ya kwanza. Pumzi ikiandikwa bila kuonekana. Ulikuwa unatania?"

Kisu kilisimama katikati ya mkate. Bernadine hakuinua macho.

"Ngapi?"

"Sijasema kwamba..."

"Nimekuuliza ngapi, sijakuuliza kama."

Nje treni ya chuma ilipita mbali. Vioo vikatetemeka kidogo, kisha vikatulia.

"Mtu akitaka kurekebisha," Karlene alisema, sauti haifiki mlangoni, "anafanyaje?"

"Anafanya kama ulivyofundishwa. Hafuti. Hachani. Anapiga mstari mmoja juu ya uongo, anaandika kosa, anatia herufi za jina lake na saa. Na kinachohitaji kuondoka, kitaondoka." Bernadine aliutoa ufunguo wa kabati la kumbukumbu kwenye mnyororo wa shingoni, akauweka mezani. "Kisha mimi napaswa kuipeleka karatasi juu, kwa wakubwa. Mimi si Mungu, binti, mimi ni mkuu wa wodi. Fomu yako ya chuo iko kwenye droo hii. Ningependa kuisaini."

Karlene aliutazama ufunguo. Hakuuchukua. Alisema lazima azunguke, na kweli ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tatu.

Alipofika kwenye korido, taa za namba tisa zilikuwa zimezimika, na dirishani rangi ya mwisho ya siku ilikuwa inakauka juu ya theluji, na harufu ya lami ilikuwa nzito kiasi kwamba alihisi inampaka ulimi, na kabla hajaufikia mlango alisikia *fyuuu*, si moja bali mbili, moja nzito na moja nyembamba inayoiiga ile nzito, mbili zikivuta pamoja na kukwama pamoja, na alipochungulia alimwona Maren amelala chali, mikono imenyooka, macho wazi yakimtazama yeye, kinywa kimefumbwa kabisa, na kifua chake hakipandi, hakipandi hata kidogo, lakini pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea urefu wa mtu mzima, na blanketi juu ya lile bonde tupu lilikuwa linapanda taratibu, likikwama, likishuka, kwa raha, kama la mtu ambaye hatimaye amepata nafasi ya kupumua.

"Royce!" aliita, na hakungoja.

Alikimbia. Aliunyakua ufunguo mezani mbele ya Bernadine bila neno, akafungua kabati, akapekua Desemba yote hadi akaipata ile karatasi, na mwandiko wake mwenyewe ukamtazama, mzuri, ulionyooka, mwandiko wa mwanafunzi hodari. Akauanzia mwisho. Saa kumi na moja kasorobo: mstari, kosa, K.Z. Kutoka kwenye korido alisikia Royce akimwita msichana kwa jina. Saa kumi na nusu: mstari, kosa, K.Z.

Na hapo, kule namba tisa, Maren alivuta pumzi kwa kishindo cha mtu aliyeibuka kutoka ziwani, akakohoa, akaanza kulia na kutukana, na matusi yale yalikuwa matamu kuliko wimbo wowote.

"Anapumua," Royce alipaza sauti. "Namtoa humu. Hata kama ni kulala kwenye korido, namtoa."

Kalamu ya Karlene ilikuwa juu ya saa kumi na robo.

Akasita.

Maana sasa alikuwa na nafasi ya kufikiri, na kufikiri ndiko kunakotuponza. Robo mbili ni uzembe: mtu alichelewa, wodi ilimzidi, atapewa barua ya onyo, maisha yanaendelea. Lakini robo ya kwanza ilikuwa kitu kingine. Saa kumi mzee alilalamika kifua. Kama saa kumi na robo nesi alimwona anapumua, basi ni bahati mbaya. Kama hakwenda kabisa, basi kuna mtu aliyeomba asisahauliwe akasahauliwa, na jina la aliyemsahau liko chini ya karatasi. Huyo hasainiwi fomu. Huyo hapati ofisi, wala hafungui mlango kwa kaka wa mtu mwingine.

Msichana amepona, alijiambia. Kisanduku kimoja. Robo saa tu.

Bernadine alikuwa amesimama nyuma yake. Aliisoma karatasi bila kuigusa.

"Na hii ya kwanza?"

"Hiyo nilimwona."

"Kifua?"

"Mara tatu."

Bernadine alimtazama kama mtu anayengoja kifua kipande. Kisha akauchukua ufunguo wake, akauvaa.

"Haya," alisema. "Umesema wewe."

*

Barua ya onyo ilikuja, ukurasa mmoja na nusu. Fomu ikasainiwa. Namba tisa ikapakwa rangi mpya. Maren alitoka kabla ya mwaka mpya, na hakumuaga Karlene. Royce alilipeleka lile shuka kwenye tanuri la hospitali. Alisema lilikuwa limepoa kote, isipokuwa mahali padogo kama kiganja.

Karlene alisoma, akafaulu, na kwa hilo hakuna wa kumdhihaki. Alirudi mjini kwao, akafungua ofisi barabara kuu, jina lake mlangoni kwa herufi za shaba. Wagonjwa walikuja kutoka vijiji vya mbali. Hakuna aliyesubiri miezi mitano. Wapo wanaotembea leo kwa sababu yake, na wapo mama zao wanaomwombea.

Ila alikuwa na kawaida moja. Wagonjwa wake walipangwa kila baada ya robo saa, na nafasi ya saa kumi na robo haikuandikwa mtu. Karani wake wa mapokezi, Lorna, alizoea kuwaambia watu kwamba nesi anakunywa kahawa.

Hakuwa anakunywa kahawa. Alifunga mlango, akakaa, akakitazama kiti cha mgonjwa. Harufu ilikuja kwanza. Kisha *fyuuu*, ikwame, itoke. Moja. Kisha ya pili. Na ya tatu haikuja kamwe. Aliingoja kila siku, mikono imeshika ukingo wa meza, kwa miaka sita, mpaka saa inapogonga nusu na kiti kinakuwa kiti tena. Alikuwa amezoea. Alijiambia kwamba ni robo saa tu.

Desemba ya mwaka wa saba, jioni moja jua likifunga virago, Lorna alibisha mlango.

"Samahani, najua ni wakati wako. Ila kompyuta inanionyesha kuna mgonjwa ameshaingia humu ndani. Saa kumi na robo. Jina hakuna, kuna herufi tu. K.Z. Si wewe?"

"Kosa la mashine," Karlene alisema. "Funga mlango, Lorna."

Mlango ukafungwa. Kiti kilipumua. Moja. Ikakwama, ikatoka. Ya pili. Karlene aliushika ukingo wa meza, akangoja kimya kile alichokizoea.

Ya tatu ikaja. Ilianza chini kabisa, na filimbi, ikapanda, ikakwama kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, na ladha ya lami ikamjaa mdomoni, maana ilikuwa inatoka kifuani mwake mwenyewe.

Akangoja avute pumzi yake mwenyewe; kifua hakikupanda.